Insha ya mgeni humalizwa usiku mmoja, ya mwenyewe hulala muhula mzima

Ukizuru Njokerio, mtaa wa vyumba vya kupangisha ulio karibu na Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, katika wiki za kwanza za muhula, utawakuta wenye maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala wakiwa na wasaa wa kuota jua. Rudi huko siku chache kabla ya mitihani. Foleni imefika nje ya mlango, mashine zinanguruma hadi usiku, na wanafunzi wanasomeana kurasa ambazo wino wake haujakauka, huku wakisahihisha makosa kwa kalamu kwa kuwa muda wa kuchapisha upya haupo. Kazi zilizotolewa miezi mitatu iliyotangulia zinakamilishwa kwa saa chache.

Hali hii si ya chuo kimoja. Wahadhiri wa Kabarak, wa Chuo Kikuu cha Laikipia kilicho karibu na Nyahururu na wa vyuo vya kiufundi na vya utabibu jijini Nakuru wanaijua vyema. Wazazi pia wanaijua, hasa wale ambao husubiri jina la mwana wao katika orodha ya mahafali na kulikosa, kisha wakaambiwa kwamba mradi wa utafiti wa mwaka wa nne haujakamilika.

Jibu ambalo wengi huwa nalo tayari ni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Wahenga hawakutusaidia sana katika suala hili, maana walituachia methali za pande zote mbili. Walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utampata mwana si wako. Lakini ni wao hao waliosema haraka haraka haina baraka. Mwanafunzi mwerevu huchagua inayomfaa. Hata hivyo, jibu la uvivu lina kasoro moja kubwa, nayo hujitokeza pindi unapochunguza alichokuwa akifanya mwanafunzi yule yule katika usiku ambao hakuigusa kazi yake.

Kwa wengi, usiku huo ulikuwa wa kazi ngumu. Tangu nyaya za mawasiliano za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 na bei ya intaneti ikaanza kushuka, maelfu ya wanafunzi na mahafala wa Kenya wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha zao za chuo. Wenyewe huiita kazi hiyo uandishi wa mtandaoni. Mteja hulipa kampuni ya kati, kampuni humlipa mwandishi dola chache kwa kila ukurasa, na kazi hurejeshwa ikiwa na jina la mwanafunzi wa ng'ambo. Biashara hiyo imekua kiasi cha kuandikwa na magazeti makubwa ya dunia na, mwaka wa 2024, kutengenezewa filamu, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Australia ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaouza huduma hizo mwaka wa 2020, na Uingereza ikafuata mwaka wa 2022.

Uhalali wa biashara hiyo ni mjadala wa siku nyingine. Kinachotuhusu hapa ni namna inavyofanywa. Saa za Kenya ziko mbele ya saa za New York kwa saa saba au nane, kutegemea majira, na kwa hivyo maombi mengi ya wateja hufika jioni na usiku. Mwandishi hupewa mada asiyoijua, pengine sheria za bima za jimbo fulani la Marekani au maadili ya uuguzi, na huenda akapewa saa sita pekee za kuikamilisha. Huisoma, hutafuta marejeo, huandika kurasa tano kwa Kiingereza safi, huzipitia na kuzituma kabla ya mapambazuko. Akichelewa hukatwa malipo. Akichelewa mara nyingi, hufungiwa akaunti.

Asubuhi, kijana huyo huyo hukutana na msimamizi wake chuoni na kumweleza kwamba bado hajaanza sura ya kwanza ya mradi wake mwenyewe. Sasa, msomaji, huyu ni mvivu? Mtu aliyekesha akiandika kurasa tano kuhusu jambo lisilomhusu hawezi kuitwa hivyo kwa haki. Anao ujuzi, anayo tarakilishi, analo jasho. Kinachokosekana katika kazi yake mwenyewe ni kile ambacho kazi ya mgeni imejaa tele, na tukikitambua kitu hicho tutakuwa tumeelewa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Kitu cha kwanza ni malipo yaliyo karibu. Mwaka wa 2007, Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada alichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa kuhusu tabia ya kuahirisha. Alikadiria kwamba kati ya asilimia 80 na 95 ya wanafunzi wa vyuo huahirisha kazi kwa kiwango fulani. Muhimu zaidi ni maelezo yake kuhusu sababu. Hamu ya mtu kufanya kazi huongezeka anapoamini kwamba ataiweza na anapoona faida yake. Hupungua kadiri faida hiyo inavyokuwa mbali na kadiri mtu mwenyewe anavyokuwa mwepesi wa kuvutwa na mambo mengine. Ujira wa insha ya mgeni unaonekana, na mpokeaji anajua mapema utakavyotumika: kodi ya chumba, unga, nauli ya matatu hadi mjini. Shahada iko umbali wa miaka, na baada ya shahada kuna kazi ambayo pengine haipo. Kijana aliyewaona kaka zake watatu wakihitimu na kurudi nyumbani kukaa ana sababu ya kuipima faida ya shahada kwa mizani tofauti na ya mzazi wake.

Kitu cha pili ni mipaka iliyo wazi. Mteja wa ng'ambo huandika anachotaka: kurasa tano, marejeo manane, mtindo fulani wa kunukuu. Mradi wa mwaka wa nne huanza kwa swali ambalo mwanafunzi mwenyewe anatakiwa kulibuni, na kwa wengi hiyo ni mara ya kwanza maishani kuulizwa wanataka kujua nini. Miaka 12 ya shule imewafunza kujibu maswali ya watu wengine.

Kitu cha tatu ndicho chenye uzito kuliko vyote, nacho ni hofu. Insha ya mgeni haina jina lako. Ikipata alama mbovu, aibu ni ya mtu usiyemjua aliye katika jimbo ambalo hutafika. Mradi wako una jina lako kwenye jalada, na utausimamia mbele ya jopo la walimu na wenzako. Tena utauandika kwa Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi kutoka Kuresoi, Mogotio au Olkalou huenda aliisoma darasani pekee, na ambayo kwayo alichekwa alipokosea. Kuna tofauti kubwa kati ya kuandika Kiingereza kibaya ukiwa umejificha na kukiandika mbele ya watu.

Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walieleza jambo hili mwaka wa 2013 kwa namna ambayo wengi wa wanaoshughulikia suala hili wameikubali tangu hapo. Kuahirisha, walisema, si tatizo la kupanga muda. Ni njia ya kutuliza hisia. Kazi inapomletea mtu wasiwasi, uchovu au hisia ya kutojiamini, kuiweka kando humpa nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ni halisi, na kwa sababu ni halisi, mtu huirudia. Simu ya mkononi, ambayo hulaumiwa sana na wazazi, haikuanzisha mchezo huu. Iliurahisishia tu, kwa kumwekea mwanafunzi mfukoni muziki, soga na kamari ya kandanda wakati wowote anapotaka kuikimbia karatasi tupu iliyo mbele yake. Kabla ya simu kulikuwa na draughts, pool na usingizi.

Nafuu hiyo ina bei. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kimoja nchini Marekani kwa muhula mzima na kuchapisha matokeo mwaka wa 1997. Mwanzoni mwa muhula, waliokuwa na tabia ya kuahirisha walikuwa na afya nzuri na mawazo machache kuliko wenzao wenye bidii. Walikuwa wakistarehe, kwa ufupi. Muhula ulipokaribia kwisha mambo yaligeuka: waliugua zaidi na kusongwa na mawazo zaidi, na ukijumlisha muhula wote, mateso yao yaliizidi starehe ya mwanzo. Alama zao pia zilikuwa za chini. Dai linalosikika sana vyumbani mwa wanafunzi, kwamba "mimi hufanya kazi nzuri nikiwa na presha", halikuungwa mkono na hesabu hizo.

Utafiti mwingine wa zamani kidogo, wa Laura Solomon na Esther Rothblum mwaka wa 1984, unaonyesha kwamba si kazi zote huahirishwa sawa. Karibu asilimia 46 ya wanafunzi waliohojiwa walisema huahirisha kuandika insha ndefu takriban kila mara. Waliosema hivyo kuhusu kujiandaa kwa mitihani walikuwa karibu asilimia 28. Kuandika ndiko kunakotisha. Mwalimu yeyote wa chuo hapa Nakuru angekuambia hivyo bila utafiti.

Hata hivyo, tukiishia kwenye hisia za mwanafunzi tutakuwa tumemwonea. Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Kanada na Marekani havikuyatazamia, na kwa maoni yangu yana mchango ambao haupewi uzito unaostahili.

La kwanza ni kengele. Mwanafunzi wa shule ya upili ya bweni katika eneo hili huamshwa kungali giza, hupelekwa kwenye masomo ya alfajiri, hula, husoma, hucheza na kulala kwa kengele, na nyuma ya kengele yuko mwalimu wa zamu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, lakini utaratibu wa kumwamulia mtoto kila dakika ya siku yake ulibaki. Utaratibu huo huzaa alama nzuri katika mtihani wa kitaifa. Hauzai mtu anayejua kuketi peke yake saa nane mchana bila kusimamiwa na kuanza kazi inayotakiwa baada ya wiki kumi. Kijana huyo huingia chuoni, kengele hunyamaza siku moja, na sote tunashangaa kwamba hajui la kufanya na ukimya huo. Shule zinazojivunia matokeo huwa na sehemu ya lawama ambayo haziletewi, kwa kuwa anapokwama mwanafunzi wao keshaondoka.

La pili ni kalenda isiyoaminika. Mtu huwahi pale anapoamini kwamba tarehe ni tarehe. Katika vyuo vya umma vya Kenya, mwanafunzi amefunzwa kinyume chake kwa miaka mingi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Nakuru, Molo, Njoro na Naivasha ziliathirika vibaya, zilivuruga masomo mwanzoni mwa 2008. Mnamo Machi 2020 vyuo vilifungwa ghafla kwa sababu ya janga la korona. Mwaka uliofuata, Machi 26, 2021, Nakuru ikawa miongoni mwa kaunti tano zilizofungiwa usafiri, pamoja na Nairobi, Kajiado, Machakos na Kiambu, na masomo ya ana kwa ana yakasimama tena. Juu ya hayo kuna migomo. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 17, 2025 uliendelea kwa siku 49 hadi Novemba 5, kiini chake kikiwa malimbikizo ya Sh7.9 bilioni ya mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Mwaka uliotangulia, 2024, wahadhiri walikuwa wamegoma pia katika miezi hiyo hiyo.

Mweke mwanafunzi makini katikati ya kalenda hiyo. Katika wiki ya kwanza anapewa kazi inayopaswa kukamilika wiki ya nane. Mwenzake mwenye bidii anaianza mara moja, anaimaliza, kisha mgomo unatangazwa, tarehe inasogezwa miezi miwili, na mhadhiri anaporejea anaibadilisha mada ili aende na muda uliobaki. Nani alikuwa mjinga? Muhula mmoja wa namna hiyo hufuta mahubiri ya miaka mitatu kuhusu faida za kuwahi. Mwanafunzi anayesubiri kuona kama tarehe itasimama hafanyi jambo la kipumbavu. Anafanya hesabu, na mara kadhaa hesabu yake imekuwa sahihi.

Fedha nazo huchangia katika hesabu hiyo hiyo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka wa 1995, ndiyo tegemeo la wanafunzi wengi, na mkopo unapochelewa kufika karo hubaki deni. Asiyelipa karo huweza kuzuiwa kufanya mtihani. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023, uliowagawa wanafunzi kulingana na uwezo wa familia zao, ulizua malalamiko mengi kuhusu namna walivyopangwa na kufikishwa mahakamani. Mwanafunzi asiye na uhakika kama ataruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani huona ugumu wa kuketi na kuusomea. Na ndiyo maana anaikubali insha ya mgeni usiku huo: inampa karo ya kumwezesha kuufanya mtihani ambao, kwa sababu ya insha hiyo, hatausomea.

Kuna pia kosa la kupima muda, ambalo halina uhusiano na umaskini wala migomo. Mwaka wa 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao za mwaka wa mwisho wangemaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walijibu 34. Walichukua siku 55. Binadamu hupanga safari kana kwamba barabara yote ni ya lami. Mwanafunzi wa Njoro anayepanga kuandika kurasa 40 kwa wikendi tatu hakumbuki kwamba umeme utapotea, kwamba msimamizi atakuwa safarini, kwamba kuna mazishi ya jirani huko Bahati na zamu yake ya kuwasaidia wazazi kuvuna mahindi huko Rongai.

Hapo kwenye mahindi ndipo ninapoona jambo la kushangaza kidogo. Egerton ilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, kwa ardhi na fedha za mlowezi Lord Maurice Egerton, na ingawa ilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka wa 1987 na sasa inafundisha masomo mengi, kilimo kimebaki sifa yake kuu. Mwanafunzi wa kilimo anayefanya majaribio shambani haahirishi kupanda. Mvua za masika zikianza, kati ya Machi na Aprili, mbegu lazima ziwe ardhini, kwani mvua haipokei barua ya kuomba kuongezewa muda. Hupalilia kwa wakati, hupima kimo cha mimea kwa wakati, huvuna kwa wakati. Kisha hurudi bwenini na daftari lililojaa vipimo, na ripoti ya vipimo hivyo ndiyo hukaa miezi bila kuandikwa. Ni mtu yule yule, na ni utafiti ule ule. Shamba lilimpa tarehe ndogo ndogo zisizokwepeka, ilhali ripoti ilimpa tarehe moja kubwa iliyo mbali.

Majaribio yaliyofanywa na Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, yaliyochapishwa mwaka wa 2002, yanaelekea upande huo huo. Kundi moja la wanafunzi lilipewa tarehe zilizotawanywa kwa usawa katika muhula za kuwasilisha insha tatu. Kundi jingine liliruhusiwa kujichagulia tarehe zao. Wengi wa waliojichagulia walijiwekea tarehe za mapema kwa hiari yao, jambo linaloonyesha kwamba wanajua udhaifu wao. Ila hawakuzipanga vizuri kama mwalimu alivyowapangia wenzao, na matokeo yao hayakuwa mazuri sawa na ya kundi la kwanza.

Kwa hivyo si lazima kumwachia mwanafunzi mzigo wote. Katika vyuo vingi vya Kenya, alama 30 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 70 hutokana na mtihani wa mwisho. Alama 30 hizo zikitolewa kwa insha moja na jaribio moja, muhula utakuwa wa kulala hadi wiki ya kumi. Zikigawanywa katika kazi fupi sita, kila moja ikiwa na siku yake na ikirejeshwa na maoni wiki inayofuata, mwanafunzi atakuwa na mvua sita za masika badala ya moja. Mradi wa mwaka wa nne nao unaweza kukatwa vipande: ukurasa mmoja wa swali la utafiti kufikia wiki ya pili, kurasa tatu za kazi zilizotangulia kufikia wiki ya tano, na kadhalika, msimamizi akikubali kusoma rasimu mbovu bila kebehi. Rasimu mbovu ni neno la maana hapa. Wanaokwama mara nyingi wamekwama kwa kuwa wanataka sentensi ya kwanza iwe nzuri.

Kuhusu anayesoma makala haya ilhali amechelewa tayari, kuna utafiti mmoja wa kumtia moyo. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton walichapisha mwaka wa 2010 matokeo kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioahirisha kusomea mtihani wao wa kwanza. Waliojisamehe kwa kosa hilo waliahirisha kidogo zaidi walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa pili. Waliojilaumu sana walirudia kosa. Jambo hilo linakwenda kinyume na malezi yetu, ambapo tunaamini kwamba mtu akisutwa vya kutosha atabadilika. Lakini likitazamwa kwa jicho la Sirois na Pychyl linaeleweka, kwa kuwa lawama huongeza uchungu wa kazi ile ile ambayo mtu alikuwa akiukimbia uchungu wake.

Wasioanza kabisa huishia kwenye njia za mkato. Hapa Kenya karatasi ndogo iliyofichwa ya kunakilia katika mtihani huitwa mwakenya, jina lililotokana na vuguvugu la siri lililopinga serikali katika miaka ya 1980 na vijikaratasi vyake vilivyosambazwa kisirisiri. Wenye pesa hununua mradi mzima kutoka kwa wenzao. Na tangu programu za akili unde za kuandika zilipoenea, kuanzia mwisho wa 2022, wapo wanaoiamuru mashine iandike. Programu hizo hizo zimewapokonya kazi baadhi ya waandishi wa insha za ng'ambo, kwa vile mteja wa Marekani naye ameigundua mashine. Sijaona dalili kwamba waliopoteza kazi hizo wameugeuza muda huo kuwa wa miradi yao.

Ugumu wa pendekezo la kazi fupi sita uko mahali pengine. Darasa la wanafunzi 300 likiandika kazi sita huzaa karatasi 1,800 kwa muhula, na anayepaswa kuzisahihisha na kuzirejesha kwa wakati ni mhadhiri aliyelazimika kugoma siku 49 ili alipwe malimbikizo ya mkataba uliokuwa umemalizika mwaka wa 2021. Katika makubaliano yaliyomaliza mgomo huo, serikali iliahidi kuyalipa kwa awamu mbili.